Wajukuu Watano wa Editha Alute

Tarehe 9 Juni 2014, saa nne asubuhi, Editha Alute alimpokea mjukuu wake wa kwanza kwa mikono yake mwenyewe katika zahanati aliyokuwa akifanyia kazi hapa Ilongero. Akaandika kwenye daftari la uzazi: mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia moja, mama Jenipher Simeoni. Penye jina la baba alipiga mstari. Daftari lipo. Mwenye shaka akalisome.

Marehemu alizaliwa tarehe 22 Agosti 1955, mtoto wa tatu wa mzee Alute na mama Damari, wakulima wa uwele. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1964 hadi 1970, na mwaka 1977 akahitimu mafunzo ya ukunga mjini Dodoma. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na minane, mpaka alipostaafu mwaka 2015. Sokoni aliwakumbuka watu kwa namna walivyozaliwa: huyu alipiga chafya kabla ya kulia, yule alizaliwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Wengine hawakupenda kukumbushwa, na hilo halikumzuia.

Mwaka 1983 alifunga ndoa na Simeoni Ntandu wa Unyambwa, fundi wa mashine za kusaga. Mungu akawajalia Jenipher, Leonard na Derick. Mzee Simeoni alitangulia mwaka 2009.

Jenipher alikuwa mpishi katika kambi ya ujenzi wa barabara. Baba wa mtoto wake Hana, fundi kutoka China, aliondoka kabla mtoto hajazaliwa. Watoto wa namna hiyo katika kata walikuwa kumi na mmoja, na watu wakawaita watoto wa lami. Hana alipoanza darasa la kwanza, mwaka 2021, alimwuliza bibi yake kama ni kweli aliokotwa barabarani. Mwaka huohuo Editha, jirani yake Felista na wanawake wengine saba walianzisha kikundi cha kupinga ubaguzi, wakakiita Watoto wa Hapa. Ombi lao la kwanza lilikuwa dogo: watoto hawa waitwe kwa majina yao.

Hawakupokelewa vizuri. Waliambiwa wanatetea uzinzi na kukichafua kijiji. Katika mkutano wa hadhara wa Machi 2022, aliyesema kwa ukali kuliko wote alikuwa Gervas Ntandu, mtoto wa kaka mkubwa wa mumewe.

"Shikamoo, mama mdogo," alianza.

"Marahaba. Sema kilichokusimamisha."

"Ubaguzi wa rangi ulikuwa wa Makaburu. Sisi hapa tuna utani. Mmeona wapi utani ukaundiwa kikundi?"

Watu wakacheka. Editha akasubiri wamalize.

"Mtani hurudisha, Gervas. Unamtania msibani, naye anakutania, kisha mnakula sinia moja. Hana akirudisha anapigwa. Huo ni utani wa wapi?"

"Basi tuambie, mama. Baba wa mtoto huyo ni nani?"

"Wewe nilikupokea mwaka 1984, ukatanguliza matako. Sikumwuliza mama yako swali hilo. Nilikuvuta tu."

Mkutano ulivunjika kwa kicheko. Gervas hakucheka, na tangu siku hiyo hakumwamkia tena.

Ukweli wote usemwe. Kikundi nacho kilikosea, na kosa lilikuwa la marehemu. Waliandika jibu la kurasa mbili wakalibandika kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Ili isionekane wanatetea hewa, Editha aliorodhesha majina ya watoto wote kumi na mmoja, kama alivyozoea kuandika daftarini. Kufika Jumatatu, majina hayo yalikuwa yakiitwa uwanja wa mpira kama mahudhurio, na kila jina likiitikiwa, "Lami, nipo." Hana alikaa nyumbani wiki mbili.

Editha alibandua karatasi ile kwa kucha, mchana, watu wakimtazama. Kisha alizunguka nyumba kumi kuomba radhi. Ya kumi na moja ilikuwa yake.

"Tumewatetea kwa kuwaanika," alimwambia Felista.

"Basi tuvunje kikundi, dada. Tupumzike."

"Tukivunja, Gervas atasema alishinda. Tuendelee, ila majina ya watoto tusiyaguse tena."

Kikundi hakikuvunjika. Leo kina wanachama thelathini na mmoja, na wengi wao wamo kwenye msiba huu.

Kisukari kilimwanza mwaka 2018. Mwaka jana figo zilishindwa, akawa anapelekwa Dodoma kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Vipimo vya sukari alikuwa akiviandika Hana, kila asubuhi, kwa mwandiko aliofundishwa na bibi yake. Editha alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini.

Katika ukoo wa Ntandu, msalaba wa marehemu hubebwa na mjukuu wa kwanza. Juzi kwenye kikao cha mazishi, Gervas alisema msalaba wa ukoo hautatangulizwa na lami, akasoma orodha yake ya wajukuu wanne. Jenipher hakubishana naye. Alikwenda kwa seremala, akauchukua msalaba, akampa mwanawe.

Marehemu ameacha watoto watatu, Jenipher, Leonard na Derick, na wajukuu watano: Hana, Gasto, Yasinta, Peniel na Alute. Orodha iliyosomwa kwenye kikao ina makosa.

Kwa miaka thelathini na minane Editha aliamshwa na wenye uchungu, naye akaamka. Sasa alale, asiamshwe na mwingine ila Mungu wake.

Jeneza linatoka sasa kwenda kaburini, nyuma ya nyumba. Hana atatangulia na msalaba.