Dalali Aliyerudishiwa Sauti

Bwana asifiwe! Nyie wa kule nyuma karibu na jenereta, Bwana asifiwe! Nafurahi kulisema neno hilo kwa sauti, na nikimaliza mtaelewa kwa nini.

Ndugu zangu, naitwa Masanja, natoka Usevya. Sisi ni Wasukuma, tulihamia huku na ng'ombe nikiwa mdogo. Kazi yangu ni dalali. Siku ya mnada pale Kibaoni mimi ndiye napanda juu ya meza kunadi: vitenge, masufuria, mbuzi, chochote. Spika sikuhitaji! Waliokuwa stendi walinisikia.

Lakini sauti hiyo hiyo, nyumbani ilikuwa fimbo. Mke wangu Kabula amekaa pale, nimemwomba ruhusa niliseme hili. Nilimtukana mbele ya watoto, mbele ya majirani. Alipookoka, akaanza kuomba na wenzake wawili pale nyumbani kila jioni wakitoka shamba. Niliwafukuza. Mmoja ni Bibi Skola, mjane mwenye magoti mabovu, mtu wa umri wa mama yangu, nilimfukuza kwa matusi! Waliondoka. Kesho yake wamerudi.

Basi, msimu mmoja wa kuvuna mpunga niliamka sauti imekauka. Nikadhani mafua. Wiki zikapita, ikaisha kabisa, ikabaki pumzi tu. Nikaenda hospitali Mpanda. Daktari akamulika koo, akasema kuna uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Akanipa dawa, akaniambia nipumzishe koo, na pengine nitapelekwa mbali kupasuliwa. Dawa nikamaliza. Miezi saba, ndugu zangu! Mnadani akawekwa mtu mwingine. Nikitaka kumwita mtoto, napiga makofi.

Na wale akina mama wakaendelea kuja. Safari hii nitawafukuzaje? Sina sauti! Chekeni tu, hata mimi nacheka. Wakakaa kwenye mkeka, mimi ndani najifanya nimelala. Ndipo kwa mara ya kwanza nikasikia wanachoomba. Siku zote nilidhani wananishitaki kwa Mungu. Kumbe Kabula anasema, "Baba, mrudishie mume wangu furaha yake." Furaha! Mimi niliyemnyima ya kwake! Nilijifunika shuka nikalia.

Jioni moja mvua ilinyesha vibaya, njia ikawa tope tupu. Kabula alikuwa msibani kwa ndugu zake, yule mwenzao wa tatu anaumwa. Nikajua leo hakuna mtu. Mara namwona Bibi Skola anajikokota, viatu mkononi. Akanishika mkono. "Mwanangu, leo nimechoka, nitaomba kidogo tu. Lakini kesho nakuja." Miezi saba, na bado anasema kesho! Alipoondoka nikapiga magoti mwenyewe. Nikamwambia Yesu moyoni: sauti hii nimeitumia vibaya. Hata usipoirudisha, nisamehe, nichukue hivi nilivyo.

Ndugu zangu, sauti haikurudi siku hiyo. Wala kesho yake. Lakini nilitoka ndani, nikawa nakaa mkekani pamoja nao, na moyo wangu ulikuwa mwepesi, sijawahi kuuona hivyo.

Wiki ya tatu, Bibi Skola aliomba maombi marefu, tena marefu kweli. Alipomaliza tukaitikia Amina. Kabula akafumbua macho.

"Nani ameitikia?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi Masanja! Mke wangu, nisamehe!"

Haleluya! Kabula alipiga vigelegele huku machozi yanamtoka. Bibi Skola, na magoti yake yale, alicheza mpaka kilemba kikadondoka. Majirani wakaja mbio na fimbo wakidhani tumeona nyoka!

Nilirudi kwa daktari. Akamulika, akamulika tena, uvimbe hakuuona. Akaniambia nimshukuru Mungu wangu. Sisemi msiende hospitali. Mimi nilienda, na ningeendelea kwenda. Ninachosema ni kwamba msichoke kuomba.

Baba yangu mzazi alirudi Shinyanga zamani, na yeye bado hajaamini. Nilimpigia simu, akakata mara mbili akidhani ni matapeli! Mara ya tatu nikasikia mzee analia. Akasema anataka kuwaona hao wanawake, na habari za huyo Mungu wao azisikie vizuri. Ijumaa tunampokea stendi!

Asante Yesu! Asante Kabula, uliyenivumilia wakati sikustahili. Na wewe ndugu yangu, dada yangu, uliyeomba mwaka mzima, miaka mitatu, mpaka unaona aibu kulitaja tena jambo lako mbele za watu, usibaki nalo peke yako. Mwamini Yesu, hajakusahau. Bibi Skola ameshasogeza benchi hapa mbele. Njoo ukae, ututajie hilo jambo lako, tuanze.