Wasifu wa Baba Pacha, Aliyezifuata Chupa Kutoka Darajani Hadi Baharini

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili karibu na mlango wa mto. Mama yake alijizalisha mwenyewe, kwa kuwa mkunga mwenzake alichelewa.

Alisoma shule ya msingi hapahapa mtaani, akachapwa sana kwa kuwabishia walimu, na hakuacha kubisha. Mwaka 1988 alitunukiwa stashahada ya upimaji wa maji.

Kwa miaka thelathini na minne alipima kina na mkondo wa mto huu. Alipaka chupa rangi nyekundu, akazitia namba, akazitosa darajani, kisha akazitafuta. Ndivyo alivyogundua kwamba taka haziendi baharini moja kwa moja. Maji yakijaa huzirudisha juu, mikoko huzinasa kwa miezi, na mvua kubwa ikizing'oa, bahari huzipokea na kuzitapika ufukweni.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1994, wakajaliwa mabinti pacha. Chupa mia mbili za kwanza alizisubiri ufukweni kutwa nzima asione hata moja. Jioni alizikuta zimerudi chini ya daraja lilelile. Mkewe akamwambia, "Baba Pacha, takataka zako zimekushinda adabu. Zenyewe zimewahi kurudi nyumbani."

Mwaka huu askari waliwavunjia wachuuzi wa ufukweni vibanda, wakawavunja na mbavu kwa marungu, eti wao ndio wachafuzi. Tarehe 9 Mei marehemu alimwaga gunia la chupa zake alizoziokota ufukweni mbele ya baraza la mji, akaweka na picha za malori ya kampuni ya uzoaji taka yakimwaga shehena mtoni, palepale darajani.

Marehemu hakuugua. Tarehe 2 Juni wapakiaji watatu wa malori hayo walimvamia akiwa kazini. Kwa simulizi yake mwenyewe wodini, mmoja alisema, "Mzee, leo namba tunakupaka wewe." Walimpiga kwa makoleo, wakamvunja mikono yote miwili na fuvu. Alifariki tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi. Waliomuua wangali wanapakia taka, na malori yangali yanapita.

Ameacha mjane, mabinti wawili, dada mmoja na mama mzazi.

Jana kampuni ilileta shada la maua pamoja na ombi: hapa tuandike "ajali". Mama alilitupa shada nje ya mlango. "Mwanangu hakujikwaa," alisema. "Andikeni walimpiga."

Tumeandika.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko la amani.