Maisha ya Voahirana, Aliyetanguliza Jambo

Baba yetu, wazee wa ukoo, wachungaji, majirani na nyote mliofika, mimi ni Andriamasy, kaka mkubwa wa marehemu, na kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha uzeeni kwamba msomaji hacheleweshwi, naanza na jambo lenyewe: Voahirana Razafindrakoto, mwandishi wa kurasa za mtandaoni, alifariki Alhamisi, tarehe 8 Agosti 2024, jijini Antananarivo, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, na leo tunamlaza katika kaburi la ukoo, ubavuni mwa mama yetu.

Alizaliwa tarehe 22 Novemba 1978 hapa hapa Ambatolampy, mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mzee Razafindrakoto, ambaye wilaya nzima inamfahamu kuwa msemaji wa harusi na misiba, na wa marehemu mama Rasoamalala, mshonaji. Utotoni alipenda kumfuata Baba kwenye posa, akimshikia kofia yake ya ukili, wakati Baba, kwa desturi ya wasemaji kabla ya kutaja jambo, akiwaomba radhi waliozaliwa kabla yake, kisha kina mama, kisha wenye ua, kisha hata wasiokuwepo, na siku moja mwaka 1987, wali ukiwa umeshapoa, mtoto akauliza kwa sauti, "Baba, si useme tu tumekuja kuposa?" Msemaji wa upande wa pili akadakia, "Mzee, binti amekumalizia kazi, twendeni tukale!" Watu walicheka, na Baba naye alicheka, ila njiani alimwambia, "Umeingia nyumbani mwa watu bila hodi, binti yangu, hivyo ndivyo ulivyofanya leo."

Alisoma shule ya msingi hapa kuanzia mwaka 1984, sekondari Antsirabe hadi mwaka 1997, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Antananarivo, alikopata shahada ya lugha mwaka 2002, akafundisha kwa miaka mitano, na mwezi Machi 2007 akaajiriwa katika ofisi moja ya jijini iliyoandika kurasa za wafanyabiashara wa ng'ambo. Makala yake ya kwanza ilihusu viatu vya theluji, naye, kwa kuwa ni mtoto wa Baba yetu, aliianza kwa aya tatu za kuwaomba radhi wasomaji kwa kuthubutu kusema habari za theluji mbele ya watu walioiona kabla yake. Msimamizi wake, Bi Lalatiana, ambaye yuko nasi hapa, alimwambia, "Wewe Voahirana, mwenzio amekuja kutafuta viatu, unampigia magoti ya nini? Ameshaondoka huyo!" Kuanzia hapo alijifunza kuweka jambo katika sentensi ya kwanza, kutumia neno ambalo msomaji mwenyewe angelitumia, kukata aya ndefu, na kusoma kwa sauti kila alichoandika kabla hakijatoka.

Tarehe 16 Julai 2005 alifunga ndoa na Tahina, fundi wa redio, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Miora, aliyezaliwa mwaka 2006, na Fenosoa, aliyezaliwa mwaka 2010.

Mwaka 2014 aliacha kazi ya ofisini, akafungua tovuti yake kwa lugha yetu, akieleza namna ya kumtunza mtoto mwenye homa, namna ya kupata upya cheti cha kuzaliwa kilichopotea, namna ya kuokoa miche baada ya mvua ya mawe, na watu walimsoma kwenye simu zao sokoni na mashambani, ila msomaji aliyemtamani kuliko wote hakuwa miongoni mwao. Alimnunulia Baba simu, Miora akazikuza herufi, na Baba akamrudishia Miora, akisema, "Maandishi ya mama yako yananirukia tu, hayajui hata kusalimia." Tangu hapo, kila alipotoa makala, alinipigia simu akiuliza, "Kaka, Baba amesoma?" nami nikamjibu, "Bado." Nilimshauri aweke radhi kidogo mwanzoni, walau mara moja, kwa ajili ya mzee, akasema, "Baba nataka anisome, Kaka, tena sana, lakini yule mama anayenisoma ana mtoto mwenye homa mikononi."

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani, akatibiwa kwa miaka miwili, na mwishoni mwa Julai mwaka huu, akiwa kitandani hospitalini, alimtamkia Miora makala yake ya mwisho, ya kumjibu msomaji aliyeuliza amwambie nini mgonjwa wake, na sentensi yake ya kwanza ni hii: "Mwambie umekuja." Jumapili tarehe 4 Agosti Baba alisafiri kwenda kumwona, akasimama kando ya kitanda, akawaomba radhi madaktari, akawaomba radhi wauguzi, akawaomba radhi wagonjwa wa vitanda vya jirani, na alikuwa bado hajamfikia bintiye muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha. Voahirana alicheka, akamshika mkono, na Baba akaahidi, "Jumamosi nitarudi niseme." Alhamisi alituacha.

Ijumaa Miora alimsomea babu yake makala ile, na leo asubuhi, mbele ya jeneza, sote tukiwa tumejiandaa kusimama muda mrefu, mliona wenyewe Baba alivyovua kofia, akasema, "Voahirana, nimekuja," akaketi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kuteka maji, Bi Lalatiana na waandishi wenzake waliokuja na sanda, na wasomaji ambao tumewajua jana na leo, walipofika kutueleza ni makala ipi iliyowasaidia.

Nawe, mdogo wangu, lile swali ulilokuwa ukinipigia simu kuniuliza, sasa nina jibu lake: amesoma. Pumzika kwa amani.