Zima Kwanza: Njia ya Népomuscène, Fundi wa Filta za Pisine

Padri wetu, wazee, majirani wa Cibitoke, mafundi wenzake na nyinyi nyote mliofika asubuhi hii, tunawashukuru kwa kutushika mkono wakati huu wa msiba. Ndugu yetu Népomuscène yuko mbele yenu, amelala, jambo ambalo hakulifanya vya kutosha alipokuwa hai, na kabla hatujampeleka makaburini desturi inataka njia yake isomwe, tangu kuzaliwa hadi pumzi ya mwisho. Anayesoma ni mdogo wake, Astère, aliyechaguliwa na familia juzi kwa sababu ndiye ndugu yake wa pekee na aliwahi kufanya kazi naye, na katika kikao hicho mjane, Mama Ildephonse, aliomba jambo moja tu, kwamba mwaka wa 2009 upitishwe kwa sentensi moja, isemwe kwamba aliacha kazi hotelini, basi, tusonge mbele. Sentensi hiyo imeandikwa hapa, na itasomwa, lakini msomaji hataishia hapo, na mwenye kutaka kumkasirikia anaombwa angoje amalize.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Machi 1963, Kanyosha, mtoto wa kwanza wa mzee Birindwa, mkulima wa mihogo, na mama Benite, ambao wote wawili wametangulia. Mzee Birindwa alifariki kwa homa mwezi wa nane mwaka 1972, na miezi mitatu baadaye akazaliwa Astère, ambaye hakumwona baba yake hata kwa picha, kwa kuwa picha haikuwepo. Népomuscène alikuwa na miaka tisa, na tangu mwaka huo hakuna aliyemwona akicheza mpira.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kanyosha, akamaliza darasa la sita mwaka 1976, na wazee wa kule bado wanakumbuka kwamba mama alipokwenda shamba yeye aliingia darasani na mtoto mgongoni, mwalimu akamkubalia kwa sharti kwamba mtoto asilie. Mtoto huyo leo ana mvi na ndiye anayewasomea, na inasemekana alilia mara nyingi kuliko ilivyoruhusiwa. Sekondari hakwenda, hakuwa mjinga, mgongo ulikuwa na kazi nyingine.

Mwezi wa pili mwaka 1982 alikwenda mtaa wa Bwiza kujifunza kazi kwa fundi Mohamadi, Mungu amrehemu, mtu wa sala tano na maneno machache, aliyetengeneza pampu za kila aina na ambaye katika mji huu alikuwa mmoja wa wachache waliojua filta za mabwawa ya kuogelea. Kwa wale ambao pisine wanaiona kupitia uzio tu, filta ni tangi la duara lililojaa mchanga, maji machafu huingia kwa juu, mchanga ukashika uchafu, maji safi yakatoka kwa chini, na mchanga ukishashiba, fundi huyarudisha maji kinyume ili yausukume uchafu wote nje mpaka mtaroni. Juu ya tangi kuna vana, yaani vali, yenye mkono mmoja, na mkono huo ndio unaoamua maji yaende wapi. Haugeuzwi pampu ikiwa inazunguka, kwa maana raba ya ndani huchanika, na uchafu uliokuwa unakwenda mtaroni unarudi kwa watu. Fundi Mohamadi alimfundisha maneno mawili, zima kwanza, na Népomuscène akayashika kama katekisimu, hata redio nyumbani aliizima kwanza ndipo abadilishe stesheni, watoto wakakosa nusu ya habari za dunia.

Tarehe 2 Aprili 1990 aliajiriwa na hoteli moja ya kando ya ziwa, ambayo hatutaitaja jina, akakabidhiwa chumba cha pampu, chumba cha chini kisicho na dirisha, chenye harufu ya klorini inayokata koo. Tarehe 7 Septemba 1991 alifunga ndoa na Epiphanie, binti wa hapa Cibitoke, na Mungu akawajalia watoto watatu, Ildephonse, aliyezaliwa 1993, Amélie, 1997, na Joëlla, 2002. Miaka ya vita ilipofika wageni waliondoka, lakini yeye aliendelea kuvuka mji kwenda kuosha filta ya bwawa ambalo hakuna aliyeogelea, na mchanga wa kutoka nje ulipokosekana, alichukua mchanga wa mto Rusizi, akauchekecha uani kwake kwa chekeche tatu, kubwa, ya kati na ndogo, yeye akishika upande mmoja na Epiphanie upande mwingine, kisha akauosha kwenye ndoo mpaka maji ya ndoo yakawa ya kuonesha uso. Majirani walicheka kwamba huyu mtu anaosha mchanga kama watu wanavyoosha mchele. Mama Ildephonse hakucheka, alijivunia, na Jumapili baada ya misa alipenda kupita na watoto mbele ya hoteli ile, awaoneshe maji ya bluu kwa mbali, awaambie, hayo ni ya baba yenu.

Mwaka 2009 marehemu aliacha kazi hotelini.

Hiyo ndiyo sentensi ya familia, imesomwa. Sasa msomaji anaomba shemeji yake amvumilie.

Mwezi wa kwanza mwaka huo huo, kwa maombi ya marehemu, hoteli ilimwajiri Astère kuwa msaidizi wake, mtu wa miaka thelathini na sita, aliyekuwa amejaribu kazi nne na kushindwa zote, mke wake akiwa na mimba. Jumamosi ya tarehe 22 Agosti, kiangazi, msimu wa harusi, bwawa lilitakiwa liwe tayari saa sita mchana ili maharusi wapigwe picha. Saa nne Népomuscène alikwenda stoo kuchukua klorini, akaacha agizo kwamba filta ioshwe yeye akirudi, kwa kuwa uchafu wa wiki tatu ulikuwa umejaa na vana ilihitaji mkono uliotulia. Astère alitaka kaka yake akirudi akute kazi imekwisha, asifiwe angalau siku moja, akashuka chumbani, akaushika mkono wa vana, akaugeuza. Pampu ilikuwa inazunguka.

Raba ilichanika kwa mlio mdogo, mdogo sana kwa kitu kilichokuja kuharibu miaka kumi na mitano iliyofuata, na uchafu wa wiki tatu ukarudi bwawani kwa mabomba yote, na kabla robo saa haijaisha maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Népomuscène alirudi na ndoo ya klorini mkononi, akashuka, akaitazama vana, akamtazama mdogo wake. Akazima pampu. Kisha akachukua wavu wa kutolea majani, ule wenye mpini mrefu, akauweka mikononi mwa Astère, akampandisha juu, akamsimamisha kando ya bwawa kama mtu aliyekuwa hapo tangu asubuhi. Meneja alipofika, na nyuma yake baba wa bibi harusi, marehemu alisema maneno ambayo ndugu yake anayasikia hadi leo.

"Ni mi niligeuza vana. Uyu alikuwa anatoa majani."

Astère alinyamaza. Alisimama na wavu wake, mtu mzima mwenye ndevu, akanyamaza, na Jumatatu ya tarehe 24 Népomuscène alipewa barua yenye neno uzembe ndani yake, baada ya miaka kumi na tisa. Nyumbani Mama Ildephonse alimuuliza mara moja tu, mbele ya shemeji yake aliyekuwa ameketi hapo akiangalia miguu yake.

"We unaambiaka watu wote zima kwanza, sasa we mwenyewe ulisahau namna gani?"

Akajibu neno moja, "Nilichoka."

Neno hilo lilikaa katika nyumba ile miaka karibu kumi na mitano. Mtaani walimpa jina la Chai ya Maziwa, wengine wenu mlio hapa mlimwita hivyo, kwa utani tu, tunajua, naye aliitika. Ildephonse, aliyekuwa na miaka kumi na sita, aliacha kumbebea baba yake mfuko wa vyombo vya kazi, na mama hakupita tena mbele ya hoteli. Mama Ildephonse, Ildephonse, Amélie, Joëlla, sikieni kutoka kwa aliyekuwepo, baba yenu hakuchoka siku ile, hakusahau, hakuzembea. Kuchoka kulikuja baadaye, na kulikuja kwa sababu ya Astère.

Kwa maana baada ya hapo alifanya kazi kwa baiskeli, nyumba kwa nyumba, Kinindo, Rohero, akiisukuma kwa mguu kupanda kilima cha Kiriri, akiinama katika vyumba vya pampu vidogo kuliko kabati, akifungua matangi, akichota mchanga wa zamani ulioshikana, akirudisha mpya, akivuta klorini bila kitambaa usoni kwa sababu kitambaa, alisema, kinamzuia kunusa kama dawa imezidi. Astère alibaki hotelini, akapandishwa cheo, akavaa sare yenye jina lake kifuani hadi mwaka 2021. Kila ilipomshinda filta, alimwita kaka yake kwa simu, naye alieleza kwa subira yote, na kila mara alimalizia kwa maneno yale yale mawili, bila kuyatia uchungu wowote, jambo ambalo lilikuwa gumu kulibeba kuliko tusi.

Kikohozi kilianza mwaka 2017, akakiita vumbi. Mwaka 2022 hakuweza tena kupanda Kiriri, na mwezi wa pili mwaka huu wa 2024 alilazwa hospitalini, mapafu yakiwa yamechakaa, daktari akasema, kama ya mtu aliyevuta moshi maisha yote, na huyu hakuwahi kushika sigara. Huko hospitalini Astère alimwambia kwamba amechoka kunyamaza, kwamba anataka kwenda Cibitoke kumwambia shemeji yake kila kitu, na marehemu, ambaye wakati huo kila neno lilimgharimu pumzi mbili, akamjibu.

"Mi nikiwa hai, apana. Atanihurumia, na mi sitaki huruma yake, nataka tu anipikie. Nikisha kufa, fanya vile roho yako inakuambia."

Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, mke wake akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, mdogo mmoja, baiskeli, na chekeche tatu zilizotundikwa ukutani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia tangu mwezi wa pili, majirani wa Cibitoke waliopika, waliobeba viti na waliokesha, mafundi wa Bwiza waliofunga karakana zao leo ili wawe hapa, na wenye nyumba za Kinindo na Kiriri ambao wametuma watu, ingawa maji yao leo hayana wa kuyaangalia. Kwa mjane na watoto hakuna shukrani inayotosha, kuna kuomba msamaha tu, na anayeomba hadai kupewa leo, wala mwaka huu. Ildephonse, mfuko wa vyombo vya baba yako uko kwa baba yako mdogo, umesafishwa, utauchukua ukitaka. Na ile barua yenye neno uzembe, ambayo marehemu aliiweka ndani ya Biblia yake bila kuipinga, leo imeandikwa kwa nyuma jina la aliyegeuza vana, na sahihi yake, ili siku wajukuu wakiikuta wasome pande zote mbili.

Kaka, ulimbeba mtoto mgongoni darasani, ukaendelea kumbeba hata alipoota mvi, na leo anashuka mwenyewe. Hakuna anayekuita, hakuna maji yanayokungoja, ulale bila kuamshwa, na pumziko lako liwe la amani. Pampu tumeizima kwanza.