Chini ya Viti vya Wageni

Sogeeni wanangu, kaeni karibu, na wewe mkubwa acha kusimama mlangoni kama mgeni, njoo uketi kwenye ukingo wa kitanda hiki nilichokuzalia, maana sauti yangu haifiki mbali tena na maneno niliyonayo sitaki kuyarudia. Daktari amewaeleza habari zangu kule nje mkadhani sisikii. Nimesikia yote. Sasa ni zamu yenu kunisikiliza.

Mnajua ninachokitaka, nimekisema tangu baba yenu alipofariki: nilale ubavuni mwake, kwenye kiwanja chetu hiki, nyuma ya jiko. Leo nawaambia jambo hilo halitawezekana, na nataka mlisikie kinywani mwangu mwenyewe, ili nikishaondoka msije mkalaumiana.

Baba yenu alikuwa fundi redio, mji mzima ukimwita Waya, na kaka yake ndiye aliyekuwa mbunge wetu. Shemeji yangu yule hakuwa mtu mbaya. Gari lake likisimama hapa walinzi wanabaki nje, yeye anavua viatu, anaingia jikoni moja kwa moja na kufunua sufuria kama mtoto aliyetoka shule. Wale wawili walilala kitanda kimoja mpaka wakaota ndevu. Tulipomzika Waya, Mheshimiwa alilia mpaka tai yake ikalowa, kisha akanivuta pembeni akaniambia, "Shemeji, zamu yangu ikifika nilazeni hapa kwa Waya. Kule mjini sina mtu wa kuongea naye." Nikakubali. Ningemkatalia vipi mtu aliyeomba kulala na mdogo wake?

Wilaya yetu hii imejaa makaburi ya wakubwa, mmeyaona. Yule mbunge wa kwanza kabisa alijengewa nyumba kando ya barabara kuu, ina paa na kufuli, na ufunguo anao mwanawe aliyehamia ng'ambo, kwa hiyo majani yameota humo ndani mpaka yanachungulia dirishani. Yule waziri aliyetuletea daraja, watoto wake waligombania shamba, wakaliuza na kaburi likiwa ndani yake, na mwenye shamba mpya anaanika nguo kwenye vyuma vya kaburi. Nilipoona mashuka pale nilicheka, nikasema marehemu alipenda usafi. Sikujua kwamba wetu ndiye atakayeniliza.

Mheshimiwa alipofariki, serikali ikaja na magari ya mchanga. Nyinyi wawili mlikuwa mjini mkisubiri msafara wa jeneza, na mimi nilikuwa hospitali na wewe binti yangu, uchungu umekukamata na mtoto amekaa vibaya. Niliporudi na mjukuu mikononi nikakuta uwanja wote wa nyuma umemwagwa zege, mlingoti wa bendera umesimama, na katikati kaburi la marumaru liko wazi linamsubiri mwenyewe. La Waya silioni. Yale mawe yake niliyoyapaka chokaa kwa mkono wangu yamepangwa kando ya njia, ili wageni wasikanyage maua. Nikamuuliza msimamizi wa mafundi, akanijibu kwa adabu, kofia mkononi, "Mama, sisi hapo hatukuona kaburi. Tuliona majani."

Ni ofisi gani ambayo sijakwenda? Kila mahali nilipewa kiti, nikapewa chai, nikaambiwa linashughulikiwa. Mjane wa Mheshimiwa nilimpigia simu, akasema yeye mambo ya serikali hayaingilii; moyo wangu ulimkatalia miaka yote, na leo namsamehe kwa sababu nimechoka, si kwa sababu nimependa. Kila mwaka ikifika kumbukumbu ya Mheshimiwa yanaletwa mahema na viti vya plastiki, nami nasimama kwenye dirisha la jikoni, nje ya uzio wao, nikimwangalia mtu mnene amekaa juu ya baba yenu, anajipepea kwa ratiba. Mstari wa pili, kiti cha kwanza kutoka kwenye mlingoti. Hapo ndipo alipo. Shikeni hapo.

Sasa wewe, mkubwa wangu. Ule upenyo uliobaki kati ya jiko na uzio, ambao nilisema basi nizikwe hata hapo, najua umeshawakubalia waufanye maegesho ya magari. Usitikise kichwa, niliviona vigingi vyao kabla sijalala kitandani. Walikuja kwako na maneno matamu, nawe una watoto wanasoma, na hata ungekataa wangeuchukua tu. Nimelia, hilo sikufichi mwanangu, lakini hasira nawe sina.

Kwa hiyo nizikeni kwenye makaburi ya mji, nyuma ya soko, na watu wengine wote. Cherehani ni ya binti yangu, usisahau kuitia mafuta. Vyombo vya baba yenu ni vya wa kati, pamoja na ile redio aliyoiacha wazi. Usiitengeneze, iache hivyo hivyo. Nyumba hii kaeni mpaka watakapowaambia mtoke, maana watakuja tu, maegesho huwa hayatoshi.

Nipeni maji kidogo... Haya, inatosha.

Mungu awatunze wanangu, awape afya, awape kupendana hata siku ambazo hampendezani. Mikono yenu... ileteni hapa. Yote mitatu.

Limebaki moja, na hili mnaliweza. Siku ya kumbukumbu huwa wanatafuta watu wa kupanga viti. Nendeni nyinyi. Na wewe mkubwa, vua koti lako hilo, uende. Msigombane na mtu. Mkifika mstari wa pili, pale kwenye mlingoti... pale msiweke kiti. Rukeni, wekeni kinachofuata. Akija mtu kuuliza mbona pako wazi...

Mwambieni pana mtu.