Sura ya Tisa Haimo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, waheshimiwa wajumbe watano wa Kamati ya Vitabu mlioketi hapo mbele, walimu wote, ndugu wazazi, wanafunzi mliosimama nyuma kwa sababu viti vimeisha, na wewe dada yangu Bi Kimya, mkutubi wetu, ambaye hafla ya kustaafu ni yako lakini ratiba imekuweka nambari kumi na moja, baada ya soda: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu mara mbili.

Mimi nimeandikwa nambari tisa. "Neno fupi kutoka kwa mtoa huduma, dakika tano." Mtoa huduma huyo ndiye mimi, fundi wa kujalidi vitabu, ambaye kwa miaka kumi na tisa nimeingia shule hii kwa mlango wa jikoni na kutoka kwa mlango huohuo, na katika miaka yote hiyo, ukimwacha Bi Kimya, hakuna aliyewahi kuniuliza kitabu nilichobeba kinahusu nini. Leo mmenipa kipaza sauti. Ndugu mshereheshaji, usinionyeshe saa, nimeiona.

Nilikuja kumsifu mtu. Nitamsifu, lakini kwa njia yangu, na njia yangu inapita kwenye gunia.

Mimi shule niliiacha baada ya miaka saba. Ujuzi wangu nilianza kuupata nikifagia sakafu ya kiwanda cha uchapaji, nikaokota vipande vya karatasi, nikajifunza kukunja, kushona na kupaka gundi, na leo nina karakana yangu na mafundi wanne. Kwangu kitabu kilikuwa uzi, gundi na jalada. Kilichoandikwa ndani kilikuwa shughuli ya wenye miwani.

Januari mwaka huu Bi Kimya aliniletea nakala nne za riwaya moja ya vijana, migongo imeachia. Ndani nikakuta makaratasi yamepachikwa katikati, karatasi za daftari, mwandiko wa kalamu, mengine yana madoa ya chai. Nikayang'oa yote, nikayatia kwenye gunia la vipande, nikashona vitabu vikawa safi kama vya dukani. Alipokuja kuvichukua alifungua cha kwanza, akafungua cha pili, akanitazama.

"Fundi, karatasi zilizokuwa humu ziko wapi?"

"Takataka zile? Zimo kwenye gunia, dada. Nimekusafishia, wala sikudai shukrani."

Akakaa kwenye kigoda. Akavua miwani. "Umenitupia kurasa thelathini na mbili," akasema, "mara nne."

"Kurasa gani? Nimehesabu, zote zimo."

"Umehesabu ngapi zimo. Soma nambari zake."

Waheshimiwa, nilisoma nambari, na nikaona aibu ambayo sijaiona tangu nianze kazi. Kitabu hujengwa kwa mafungu: karatasi kubwa inakunjwa, inatoa kurasa thelathini na mbili, kisha mafungu yanapangwa na kushonwa pamoja. Huko kilikotoka kitabu hiki mtu alilala kazini. Fungu la nne, ukurasa wa tisini na saba hadi mia moja na ishirini na nane, alilishona mara mbili. Fungu la tano, mia moja ishirini na tisa hadi mia moja sitini, hakulitia kabisa. Kwa hiyo kitabu kina unene wake kamili, ukikipima kwa rula huoni kitu, lakini sura ya nane na sura ya tisa hazimo. Na mimi, fundi, nilikishona upya nikakiita kizima.

Shule ilipokea nakala ishirini na tatu za kitabu hicho, na zote zina kasoro ileile. Bi Kimya aliwaandikia wachapishaji barua tatu na hakujibiwa hata moja. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Yeye alipachika kikaratasi ndani ya kila nakala: "Hapa pana kurasa thelathini na mbili hazipo. Ukimaliza kitabu, ziandike wewe, umwachie anayefuata." Wanafunzi wakaandika. Hizo ndizo takataka zangu.

Alasiri ile tuliliinamia gunia, yeye upande huu na mimi upande ule, tumezama hadi kiunoni. Tuliokoa karatasi zote isipokuwa mbili. Nikamwambia, kwa kujitetea tu, kwamba hadithi zenyewe ni za majini na mapanga, zina maana gani. Akajibu bila kuinua kichwa: "Soma kwanza, ndipo utukane. Ukitukana kabla, utakuwa umenitukana mimi."

Basi nimesoma. Tangu Januari nimesoma riwaya kumi na nne kutoka kwenye rafu yake ya hadithi za ajabu na za vijana, kila moja kutoka jalada hadi jalada. Na sasa nina haki yangu ya kutukana, na nitaitumia.

Katika riwaya kumi na nne, mashujaa tisa waliamka asubuhi moja wakaambiwa kuwa baba zao walikuwa wafalme. Mchunga mbuzi, mwana wa mfalme. Mfua nguo, binti wa mfalme. Hata mwizi wa sokoni, niliyemwekea matumaini yangu yote, kufika ukurasa wa mia mbili na arobaini amekutwa na alama begani. Nikakirusha kitabu juu ya mashine ya kukatia. Je, mtu hawezi kuwa na maana mpaka babu yake awe alikalia kiti cha dhahabu? Sisi tulioanza na ufagio tuandikiwe wapi? Na mapanga yao yanawatambua. Mtoto anashika upanga kwa mara ya kwanza, upanga unang'aa, jioni kashinda askari waliofunzwa miaka kumi. Kisu changu cha karatasi hakikunitambua. Kilinikata vidole vitatu mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili kikamalizia cha nne.

Na akina mama? Kati ya mama kumi na wanne, kumi na mmoja wamekufa kabla ya ukurasa wa thelathini. Naelewa, mwandishi anataka mtoto awe huru kuzurura. Lakini huyo shujaa anatembea kurasa mia tatu amevaa shati jeupe, nani anamfulia? Kuna jeshi la watu elfu arobaini limepiga kambi bondeni siku sita, na hakuna hata mmoja aliyetumwa maji. Nimepiga hesabu. Kwa lita tatu tu kila mtu, ni lita laki moja na ishirini elfu kwa siku, na kijito chenyewe, mwandishi kasema kwa kalamu yake, mtoto anakiruka.

Halafu kuna mwana wa upepo, mwenye umri wa miaka mia nne, anayempenda msichana wa miaka kumi na saba. Kazi yake ni kuegemea ukuta na kusononeka. Miaka mia nne, na hajajifunza kumwuliza mwenzake, "Na wewe umeshindaje leo?" Wasichana wa nyuma, nawasikia mnacheka. Nakala tatu za kitabu hicho zimeletwa kwangu zimechanika ukurasa uleule. Nimezishona, na sikuuliza.

Kwa hiyo, waheshimiwa wa Kamati, mliposema kwamba rafu hii ina upuuzi, mimi ndiye wa kwanza kuwaunga mkono, na orodha yangu ya upuuzi ni ndefu kuliko yenu. Ugomvi wetu si huo.

Wiki iliyopita nililetewa barua ya Kamati karakana. Inaniagiza nije na gari Jumatatu, siku ya kwanza ambayo Bi Kimya hatakuwepo mlangoni, nichukue vitabu mia mbili na kumi na viwili, yaani rafu nzima, nikavisage viwe karatasi ya makasha. Chumba kitakuwa cha mikutano. Barua imeambatanishwa na ripoti ya kurasa nne, yenye saini tano, inayosema kwamba vitabu "vimesomwa na wajumbe wote, ukurasa kwa ukurasa, kwa makini."

Niliisoma ripoti hiyo, nami kwa makini. Ukurasa wa tatu, aya ya pili, inakitaja kile kitabu cha nakala ishirini na tatu. Nanukuu: "Mtiririko wa sura ya saba hadi ya kumi ni mzuri, lakini sura ya tisa ina umwagaji damu usiofaa kwa umri wa wanafunzi." Mwisho wa kunukuu.

Sura ya tisa.

Mwenyekiti wa Kamati, mzee wangu, uliisomea wapi? Humu haimo. Nimezikagua nakala zote, moja baada ya moja, kwa vidole hivi. Mtiririko gani ulikuwa mzuri, wakati msomaji akifika ukurasa wa mia moja na ishirini na nane anarudishwa tisini na saba, anasoma upya yale aliyoyasoma, kisha anarushwa hadi mia moja sitini na moja? Wanafunzi wote waliliona hilo. Watu watano wenye shahada hawakuliona. Kitu pekee kilichobaki cha sura ya tisa ni jina lake kwenye orodha ya yaliyomo: "Damu ya Mvua". Mliona neno damu, mkaandika umwagaji damu, mkatia saini, mkaagiza gari.

Na mimi nawaambia, kati ya kumi na nne hicho ndicho kitabu nilichokipenda. Kinamhusu msichana mchora ramani, katika mji ambao kila asubuhi mto umehamia mtaa mwingine, naye kazi yake ni kuamka na kuchora upya. Baba yake si mfalme. Ni mchoraji kama yeye, na mbovu. Msichana anakosea, anafuta, anachora tena. Kaka yake anachukuliwa na Mlinzi wa Mvua. Ukurasa wa mia moja na ishirini na nane msichana anasimama mbele ya mlango wa Mlinzi. Ukurasa wa mia moja sitini na moja anatoka nje amemshika kaka yake mkono, na hakuna mtu mjini anayekumbuka jina la msichana. Kilichotokea mle ndani hatukuletewa.

Nimesoma majaribio kumi na saba ya wanafunzi wenu ya kuzijaza kurasa zile. Mengine ni mabaya, sitawadanganya. Mawili yana upanga unaong'aa. Lakini moja nilipolisoma niliweka brashi chini, gundi ikakauka nayo. Mwandishi wake sitamtafuta na naomba nanyi msimtafute. Naisoma sehemu moja.

"Mlinzi akasema, utanipa nini? Msichana akasema, sina kitu. Mlinzi akasema, una jina. Msichana akafikiri ni nani wanaolitumia. Nyumbani anaitwa wewe. Darasani anaitwa thelathini na nne. Wanaolitumia ni kaka yake na mama anayetunza vitabu. Akasema, lichukue, limetumika kidogo tu, bado ni kama jipya."

Ndugu zangu, katika riwaya hiyo hakuna mama anayetunza vitabu. Nimemtafuta kurasa zote. Yupo hapa, kiti cha tatu kutoka dirishani, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Huyu ndiye mnayemuaga. Kwa miaka ishirini na sita amefungua mlango ule saa moja na nusu asubuhi, hakuna mmoja wenu aliyewahi kumtangulia, na leo mmemzawadia saa ya ukutani. Mtu aliyewanyamazisha watoto hadi wakampa jina la Kimya, kumbe alikuwa akiyajua majina yao wote, akiwaita kwa kunong'ona. Nilimwuliza jana angependa zawadi gani. Akasema, "Fundi, mimi sitaki kitu. Nataka Jumatatu wakija wakute rafu pale ilipo." Nikamwambia, si uwaambie wenyewe. Akasema, "Mimi nimezoea kunyamaza. Wewe una mdomo."

Ninao. Na sina mdomo tu.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, najua kwamba agizo hili linangoja saini yako, na kwamba mezani kwako limewekwa leo. Nakukabidhi nakala hii. Fungu lililorudiwa nimelitoa. Mahali pake nimeshona karatasi za mtoto yule, kwa uzi mara mbili, na nambari za kurasa nimeziandika mwenyewe kwa mkono. Ni kurasa mia mbili themanini na nane. Ukisoma thelathini na mbili kwa siku, ni siku tisa kamili. Wajumbe wa Kamati nao nimewaletea nakala tano, zikiwa na kasoro yake kama zilivyotoka kiwandani, na kikaratasi cha Bi Kimya kimo ndani. Masharti yake ni yaleyale kama kwa watoto.

Jumatatu gari langu halitakuja. Wala Jumatatu ya pili. Tafuteni fundi mwingine mkipenda, wapo, na baadhi yao nimewafundisha mimi. Lakini mimi sitasaga kitabu mpaka mmoja wa wale watano aje karakana kwangu, kwa mlango wa mbele, akae kwenye kigoda kile, na anieleze msichana alimpa nini Mlinzi wa Mvua.

Dada yangu Bi Kimya, pumzika sasa, ukiwa na amani ya kazi iliyofanywa vizuri. Karatasi zako mbili zilizopotea guniani, hizo ni deni langu, na nimeanza kuziandika. Nimefika mlangoni kwa Mlinzi, mwandiko ni mbaya, utanisahihisha.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Kilichobaki nawadai macho.