Moto Miguuni mwa Mwalimu Katunge

Wazee wetu, wachungaji, nanyi majirani mliosafiri kutoka Garissa, familia inawasomea maisha ya Mwalimu Katunge Musyoka ulimi ukiwa mzito, kwani wiki mbili zilizopita alikuwa darasani akifundisha, na leo tumelizunguka jeneza lake.

Katunge alizaliwa tarehe 14 Mei 1981 hapa Nuu, Mwingi, kifungua mimba wa Mzee Musyoka, akasoma shule ya msingi hapa kijijini na sekondari Mwingi mjini, akahitimu ualimu mwaka 2003, na Januari 2005 akapelekwa Garissa, alikofundisha Hisabati katika shule moja mtaani Galbet hadi mwisho wake.

Tarehe 9 Desemba 2006 alifunga ndoa na Vincent, wakajaliwa binti mmoja, Risper. Vincent alifariki mwaka 2010, na hapo ndipo Katunge alipopimwa akaambiwa ana virusi vya UKIMWI, jambo ambalo mwenyewe aliagiza lisomwe leo bila kufunikwa. Alianza dawa, akazimeza bila kukosa, hata virusi visionekane tena kwenye vipimo.

Lakini mishipa ya fahamu ilikuwa imekwisha kuumia. Kuanzia mwaka 2014 nyayo zilimwaka kama anayekanyaga makaa, shuka ikimgusa anaruka, akawa anasahihisha madaftari miguu ikiwa ndani ya beseni la maji. Wapo waliosema amerogwa, wapo waliosema anatupa dawa, mpaka daktari mmoja alipomweleza kwamba virusi na dawa za zamani ndivyo vilivyoharibu mishipa ile, akampa vidonge vya kutuliza maumivu, akaanza kupata usingizi. Mwaka jana moto ukapoa kabisa, tukamshukuru Mungu, kumbe miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Jumapili tarehe 15 Juni 2025, jirani yake Istahil aliona alama nyekundu barazani, akamwambia, "Mwalimu, mguu yako inatoka damu." Katunge akauliza, "Damu gani?" Kipande cha mwiba wa mgunga kilikuwa kimezama kisiginoni, nyama ikioza kukizunguka, naye hakuwa amesikia lolote. Alikimbizwa hospitali siku ileile, lakini sumu ilikuwa imeingia kwenye damu, akatutoka Jumatano asubuhi, tarehe 18 Juni. Mwiba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, walimu wenzake waliomleta nyumbani, na Istahil, aliyeketi kando ya kitanda chake akimwombea kwa dini yake mpaka sisi tulipofika.

Neno lake la mwisho kwa Risper lilikuwa hili: "Waambie wenzangu wanaoishi na virusi waangalie nyayo zao kila siku, hata kama haziumi."

Lala, dada yetu, Mungu akupe amani.